Ukoko wa Kiko: Kisu, Moto au Waya?

Leo tunazungumza juu ya kiko. Huenda nyumbani kwenu yuko babu anayevuta kiko jioni akiota moto. Je, umewahi kumwona akikigongagonga kwenye kiatu, kisha akitafuta msumari au unyasi wa kukikwangulia ndani? Kinachotoka humo ni kitu cheusi, cha kunata na chenye harufu kali. Kitu hicho ni nini? Watu wa zamani walikiondoa kwa kifaa gani? Na kinahusu nini afya yako?

Tuanze na kitu chenyewe. Tumbaku inapoungua, majivu hubaki na moshi huondoka. Lakini moshi huo haundoki mtupu. Hubeba matone madogo sana ya lami, pamoja na nikotini na mvuke wa maji. Ukifika mahali penye ubaridi, lami huganda. Ndani ya bakuli la kiko hujenga ukoko mgumu, mfano wa ule wa sufuria ya ugali. Ndani ya mrija huwa utelezi mweusi unaoziba njia.

Sasa turudi nyuma kidogo. Tumbaku ilitoka Amerika, na katika karne ya 16 Waingereza walianza kuivuta kwa viko vya udongo mweupe. Kazi hiyo ilikua hata mwaka 1619 mafundi wa viko wa Westminster, jijini London, wakapewa hati ya kifalme ya chama chao. Mrija wa kiko cha udongo ulikuwa mrefu na mwembamba, nao ulivunjika upesi. Ukiuchokoa kwa nguvu, umeupoteza. Basi kifaa kilichofaa kilikuwa moto. Wenye vilabu vya pombe walipanga viko vichafu juu ya kichanja cha chuma, wakakiingiza kwenye moto mkali. Lami yote iliungua, viko vikatoka vyeupe tena, tayari kwa wateja wengine.

Katika miaka ya 1850, mafundi wa mji wa Saint-Claude, Ufaransa, walianza kuchonga viko kwa mzizi mgumu wa mti uitwao briari. Hapo moto haukufaa tena, maana mti huungua. Ikabidi kukwangua. Wavutaji walijifunza kwamba kisu chenye ncha hutoboa kitako cha bakuli, kwa hiyo wakachagua kikwanguo butu kinachozunguka ndani taratibu. Walijifunza pia kutouondoa ukoko wote. Tabaka jembamba, kama la milimita 1, huukinga mti usiungue. Likiachwa kuwa nene, hutanuka kwa joto na kukipasua kiko.

Mrija nao ulitaka kifaa chake. Wengine walitumia unyoya wa ndege, wengine unyasi. Waya mtupu ulikwaruza, na penye mikwaruzo lami hushika zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20, J. Harry Stedman na Charles Angel wa Rochester, New York, hutajwa kuwa ndio waliobuni kijiti cha waya laini kilichovikwa nyuzi za pamba. Hicho hupinda na mrija, na pamba hunyonya uchafu.

Umeona mpangilio wake, msikilizaji? Udongo kwa moto, mti kwa kikwanguo butu, mrija kwa waya wenye pamba. Lakini moshi haukomi kwenye mrija. Baada ya kiko, unaingia ndani yako. Je, huko utachagua kifaa gani?

Swali hili si geni. Mwaka 1604, Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza aliandika dhidi ya tumbaku, akidai kwamba masizi yenye mafuta yalionekana ndani ya miili ya wavutaji wakubwa ilipopasuliwa baada ya kufa. Mwaka 1795, daktari Mjerumani Samuel Thomas von Sömmerring alieleza kuwa saratani ya midomo huwapata wavuta kiko. Katika miaka ya 1930, daktari Ángel Roffo wa Argentina alipaka lami ya tumbaku kwenye masikio ya sungura, na saratani ikatokea. Mwaka 1953, Ernst Wynder na wenzake huko Marekani walipaka panya lami ya moshi wa sigara, na asilimia 44 wakapata saratani ya ngozi. Mwaka 1964, ripoti ya mganga mkuu wa Marekani ilithibitisha kwamba kuvuta kiko husababisha saratani ya midomo. Kwa hivyo hata asiyeuvuta moshi hadi kifuani hayuko salama.

Hata hivyo, Mungu hakukuumba bila ufagio. Njia za hewa zina vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma uchafu juu ili uutoe. Moshi wa tumbaku huvilemaza vinyweleo hivyo. Ukiacha kuvuta, huanza kazi tena, na ndiyo sababu wengine hukohoa zaidi wiki za kwanza. Usiogope, ni ufagio umeamka. Lakini kikohozi kikizidi wiki mbili, au ukiona damu, nenda kituo cha afya upimwe.

Kabla hatujaagana, shika haya matatu. Kwanza, usimpe mtoto kiko akisafishe, kwa sababu nikotini hupita kwenye ngozi. Pili, usitumie kisu cha jikoni. Na ukoko uliotoka uzike mbali na watoto na kuku, kisha unawe mikono kwa sabuni. Tatu, kidonda mdomoni kisichopona kwa wiki mbili kionwe na mhudumu wa afya.

Na wewe babu unayetusikiliza, hatukukejeli. Jioni ya leo ukikwangua kiko chako, weka ukoko huo juu ya karatasi nyeupe uutazame. Huo ni ule uliobaki njiani tu. Kiko kina moto, kikwanguo na waya. Mapafu yako kifaa chake ni kimoja: kuacha.