MBWA WA NYUMBANI: JINSI YA KUMFUNDISHA ADABU TANGU AKIWA MDOGO

Wadau, leo tuache siasa kidogo tuongelee mbwa. Msicheke, hili jambo ni zito.

Anayeijua Suji anaelewa. Ukitoka Makanya barabara kuu ukapanda mlima, nyumba ziko kwenye matuta, uzio hakuna, na njia ya mkato inapita uani kwa mtu. Mtoto katumwa chumvi kwa jirani, au anawahi shule asubuhi na ukungu bado haujaisha, ghafla mbwa huyo! Mtoto anakimbia, mbwa naye anafukuza. Akiumwa, kazi inaanza: nani mwenye mbwa, je kachanjwa, nauli ya kwenda hospitali nani anatoa. Na sisi Wapare mnatujua kwa kesi, mtu yuko radhi auze ng'ombe kudai kuku. Sembuse mtoto!

Lakini mbwa tunamhitaji. Bila yeye tumbili, ngedere na nguruwe pori wanamaliza mahindi shambani, na wezi wa usiku nao wapo. Kwa hiyo hatuwezi kusema tusifuge, tunachotakiwa ni kumlea vizuri. Yafuatayo unaweza kuyafanya nyumbani bila kununua kitu chochote cha dukani. Nakili kwenye daftari kabla dakika zako za kafe hazijaisha.

KWANZA: USIMCHUKUE MAPEMA

Watu wengi wanachukua mtoto wa mbwa akiwa na wiki nne au tano, wanaona kashaanza kula ugali basi inatosha. Hapana. Mwache na mama yake mpaka afikishe wiki 8. Pale anapocheza na ndugu zake ndipo anapojifunza kuwa kuuma kunaumiza. Akimng'ata mwenzie kwa nguvu, mwenzie analia na mchezo unaisha. Aliyetolewa mapema hilo somo hakulipata, na wewe ndiye utakayelipa.

WIKI YA 3 MPAKA YA 14

Huu ndio wakati wa dhahabu. Anachokiona katika wiki hizi bila kutishwa anakihesabu kuwa cha kawaida maisha yake yote. Asichokiona atakiogopa, na mbwa mwenye woga ndiye anayeuma.

Basi muoneshe dunia yake ya baadaye: watoto wenye sare, mzee mwenye fimbo, mama aliyebeba kuni kichwani, mtu mwenye mwavuli, bodaboda, mbuzi, kuku. Mbebe au kaa naye pembeni, mpe kitu kitamu huku anaangalia. Kidogo kidogo kila siku, usimlazimishe. Ila kwa vile chanjo zake hazijakamilika, usimpeleke wanakozurura mbwa wengine wasiojulikana.

JINA NA MANENO

Kwetu majina ya mbwa ni ujumbe kwa jirani: Hasidi, Wivu, Tutaonana. Sawa, lakini kwa mafunzo jina fupi ni bora: Simba, Popi, Bobi. Liite kwa furaha, akigeuka mpe kitu. Usimwite kwa jina lake halafu umchape, kesho ukimwita atakukimbia na atakuwa na haki.

Mbwa hajui Kiingereza wala Kichasu, anajua sauti. Chagua neno moja kwa jambo moja na nyumba nzima itumie hilo hilo. Baba akisema "keti", dada akisema "sit", bibi akisema "kaa chini", mbwa atabaki anawaangalia tu.

SIRI NI ZAWADI, SIO FIMBO

Hapa wengi mtabisha. Lakini angalieni Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Hawawachapi. Panya akifanya sawa anasikia mlio mdogo wa "klik" halafu anapata ndizi au karanga. Panya mmoja anaitwa Magawa, aliyezaliwa hapo Morogoro 2013, alipelekwa Kambodia akagundua zaidi ya mabomu 100, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Alikufa Januari 2022. Sasa kama panya anaelewa, Popi wako atashindwa nini?

Sheria ni moja: zawadi ije papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili. Ukichelewa anajua umempa kwa kile anachofanya sasa hivi. Adhabu nayo ni hivyo hivyo. Ukikuta kiatu kimetafunwa tangu asubuhi ukamchapa jioni, haelewi kiatu, anaelewa tu kuwa ukirudi nyumbani unakuja na kipigo. Zawadi haina gharama: dagaa mmoja mmoja, kipande kidogo cha ugali mkavu, au punje za makande (mbwa wa Upareni naye makande anayajua!), mradi hayana kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwake.

KETI: Shika dagaa mbele ya pua yake, upandishe taratibu kuelekea nyuma ya kichwa. Kichwa kikipanda makalio yanashuka yenyewe. Akigusa chini tu, sema "vizuri!" na mpe. Dakika tano zinatosha, mara mbili tatu kwa siku. Akishazoea mkono ndipo uongeze neno "keti".

NJOO: Anza karibu, hatua mbili. Chuchumaa, mwite, akifika mpe. Ongeza umbali siku hadi siku. Neno hili ndilo litakalomwokoa mtoto wa jirani siku moja.

ACHA: Weka dagaa kwenye ngumi. Atalamba, atakwaruza, wewe tulia. Akirudi nyuma tu, sema "vizuri" na mpe dagaa mwingine kutoka mkono wa pili. Anajifunza kuwa akiacha ndiyo anapata.

HAJA, KUNG'ATA NA KUKU

Haja: mtoto wa mbwa anahitaji kutoka akiamka, akimaliza kula na akimaliza kucheza. Mpeleke sehemu ile ile, subiri, akimaliza msifu. Kwa makisio, wa miezi miwili anaweza kujizuia masaa mawili hivi, wa miezi mitatu masaa matatu. Akikosea ndani, safisha na unyamaze. Kumsugua pua kwenye uchafu hakumfundishi chochote.

Kung'ata mikono: kuanzia mwezi wa nne meno ya utoto yanatoka na fizi zinamuwasha. Mpe kitu chake cha kutafuna, kamba nene au kitambaa kilichofungwa fundo. Akiuma mkono simamisha mchezo, simama, mpe mgongo. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, inavunjika vipande vyenye ncha na inaweza kumtoboa tumbo.

Kuku: hapa ndipo kesi zinapoanzia. Mzoeshe akiwa mdogo, amefungwa kamba. Kuku wakipita na yeye katulia, mpe dagaa. Akitaka kuruka, rudi nyuma naye hatua kadhaa mpaka atulie. Akishaonja mbio za kuku hata mara moja, kumrudisha ni kazi kubwa. Na mayai mabovu usimtupie kabisa, unamfundisha wizi kwa mkono wako mwenyewe.

ILE IMANI YA "MBWA MKALI"

Kuna wanaompa mbwa pilipili, wengine hata nyigu, eti awe mkali. Wengine wanamfungia banda lenye giza kutwa nzima ili usiku awe moto. Jamani, pilipili inamuumiza tumbo tu. Na mbwa wa gizani hajui mgeni ni nani na mwenyeji ni nani, siku akichoropoka atamrukia yeyote, hata mjukuu wako aliyekuja likizo kutoka Dar. Mlinzi mzuri ni yule anayewajua watu wake. Yeye anabweka, wewe unatoka kuangalia. Kazi ya mbwa ni kengele, sio panga.

Kama lazima umfunge, mpe mnyororo mrefu, kivuli na maji, na mfungue kila siku ukiwa naye. Kumbuka pia nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kumtesa mnyama ni kosa.

ADABU BILA CHANJO NI BURE

Mbwa anaweza kujua "keti" na bado akaua. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaokipata wameambukizwa na mbwa, na miongoni mwa wanaoumwa watoto ni wengi. Chanjo ya kwanza akifikisha miezi mitatu, halafu kila mwaka. Muulize afisa mifugo wa kata. Kila tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na wakati huo mara nyingi kampeni zinafanyika.

Mtu akiumwa: osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Usipake majani wala mafuta ya taa. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na kama chanjo haipo teremka hospitali ya wilaya Same. Sindano ni zaidi ya moja, usikatishe. Kama mbwa anaweza kufungwa kwa usalama, asiuawe haraka, aangaliwe siku 10 na afisa mifugo aambiwe.

Na mbwa wasiozurura wanasaidia hata upande wa pili wa milima. Kule Mkomazi, ambayo ikawa hifadhi ya taifa 2008, kulikuwa na mradi wa kuzalisha mbwa mwitu. Kati ya mwisho wa 2000 na mwanzo wa 2001 ugonjwa wa distempa uliua 49 kati ya 52 waliokuwa kwenye mabanda. Serengeti mwaka 1994 ugonjwa huo huo uliua karibu theluthi moja ya simba. Distempa ni ugonjwa unaowapata sana mbwa wa majumbani kama hawa wetu.

Kwa hiyo mdau, ukipata mtoto wa mbwa mwezi huu, anza na jina, dagaa na dakika tano. Baada ya miezi sita mtoto wa jirani atapita uani kwako akiimba, na mbwa wako atanyanyua sikio moja tu, halafu ataendelea kulala.

Wenye uzoefu wa kumwachisha mbwa kula kuku, mwageni mbinu zenu hapa chini. Matusi hapana.