Nyumbu, Kiboko na Uhai wa Mbuga na Mto: Mfano wa Serengeti na Mara

Uoto wa nyika kwa kawaida huelezwa kwa mvua, udongo na moto, na wanyama hutajwa mwishoni kama wageni waliokuta meza imeshaandaliwa. Maelezo hayo hayatoshi kwa Serengeti na Mara, eneo la kilomita za mraba takriban 25,000 linalokatwa na mpaka wa Tanzania na Kenya. Huko wanyama wala majani huchangia kuamua moto upite wapi, migunga iote wapi, na rutuba ya nchi kavu iingie mtoni kwa kiasi gani. Makala hii inatetea hoja kwamba idadi ya wanyama hao na wingi wa majani wanayokula havitoshi kueleza athari zao. La msingi zaidi ni kama mnyama ana nafasi ya kuondoka baada ya kula, na kama maji anayoyaingia yana nafasi ya kutiririka.

Ushahidi mzito wa uwezo wa nyumbu ulipatikana kutokana na maradhi. Sotoka ilienea Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, ikafyeka ng'ombe wa Wamaasai na wa wafugaji wengine, ikaua pia nyati na nyumbu kwa wingi. Kwa takriban miaka sabini iliyofuata, virusi vyake viliendelea kuua ndama wa nyumbu. Hakuna aliyewachanja nyumbu hao. Waliochanjwa ni ng'ombe wa maeneo yanayozunguka hifadhi, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ilipofika mwaka 1963 ugonjwa ulikuwa umetoweka miongoni mwa wanyamapori wa Serengeti. Nyumbu, waliokadiriwa kuwa 250,000 hivi mwaka 1961, walikaribia 1,300,000 mwishoni mwa miaka ya 1970.

Kilichofuata kiligusa mbuga nzima. Nyasi ambazo zamani zilikauka zikiwa zimesimama na kuungua kila kiangazi, sasa ziliishia matumboni. Moto ukakosa cha kuunguza, eneo lililoteketea kila mwaka likapungua sana, na miche ya migunga, iliyokuwa ikifa kabla ya kufikia kimo cha kuukwepa moto, ikapata miaka ya kukua. Kaboni ambayo ingepaa na moshi ikabaki mitini na udongoni. Mlolongo huu unapinga moja kwa moja dhana iliyozoeleka kwamba mifugo na wanyama wakiongezeka, nchi hugeuka jangwa: sindano ya ng'ombe ilirudisha miti mahali ambapo hakuna aliyepanda hata mche mmoja. Mambo hayakwenda vivyo hivyo kila mahali. Upande wa Mara, tembo walikula na kung'oa miche kiasi cha kuizuia miti isirudi hata baada ya moto kupungua.

Kundi kubwa kiasi hicho lisingedumu kama lingekaa mahali pamoja. Tambarare za kusini mashariki zimefunikwa na majivu ya volkano za Kerimasi na Ol Doinyo Lengai. Nyasi zake ni fupi lakini zina madini mengi, na huko ndiko majike huzaa kati ya Januari na Machi. Mvua zikikatika, maji na majani huisha, hivyo nyumbu huelekea magharibi na kaskazini kwenye mvua nyingi zaidi, hadi ng'ambo ya Mto Mara. Kuondoka huko ndiko kunakozipa nyasi mapumziko. Jani la nyasi hukua kutoka shinani, karibu na ardhi, kwa hiyo likikatwa na kuachwa huchipua tena. Katika miaka ya 1970 mwanaikolojia Samuel McNaughton alionyesha kwamba malisho waliyopita nyumbu yalitoa majani mabichi yaliyowavuta swala tomi baadaye. Pundamilia, ambaye hacheui na huweza kuishi kwa mabua magumu, mara nyingi hutangulia na kufungua nyasi ndefu.

Uhamaji huohuo unaiunganisha mbuga na mto. Kati ya mwaka 2001 na 2015, nyumbu walizama kwa makundi katika Mto Mara karibu kila mwaka, kwa wastani wa mizoga 6,250 kwa mwaka, yaani tani zipatazo 1,100. Mamba hula sehemu ndogo tu ya nyama hiyo. Tai na korongo mfukoshingo huchukua nyingine na kuirudisha nchi kavu. Nyama laini huoza ndani ya wiki mbili hadi kumi, na kwa wakati huo samaki hupata humo theluthi moja hadi nusu ya chakula chao. Mifupa huchukua muda mrefu zaidi. Inabeba karibu nusu ya uzito wa mizoga na takriban asilimia 95 ya fosforasi yote, huchukua miaka kama saba kuoza, na utando wa mwani na vijidudu unaoota juu yake huendelea kulisha samaki miezi mingi baada ya nyumbu kurudi kusini.

Kiboko hufanya kazi kama hiyo kila siku ya mwaka. Usiku hula nyasi nchi kavu, alfajiri hurudi majini, na mchana hunya humo. Katika sehemu ya Kenya ya Mto Mara, viboko zaidi ya 4,000 wamekadiriwa kuingiza takriban kilo 36,000 za kinyesi kwa siku, zikiwamo karibu kilo 3,500 za kaboni, 490 za naitrojeni na 48 za fosforasi. Nyasi zina silika nyingi pia, na zaidi ya robo tatu ya silikoni inayosafirishwa na mto huo inategemea viboko. Daiatomu, mwani wenye ganda la silika, huihitaji ili kukua, na mto huo unaishia Ziwa Viktoria.

Hata hivyo neema hii ina sharti, nalo ni maji yanayokwenda. Mto ukipungua, kinyesi hutuama chini ya madimbwi, bakteria wakamaliza oksijeni, na amonia na gesi za sumu zikajikusanya. Mvua kubwa ikinyesha, mafuriko huyasukuma maji hayo na samaki hufa kwa wingi. Katika Mara jambo hili hutokea kwa vipindi na mto hujisafisha. Mto Ruaha Mkuu wa Tanzania hauna bahati hiyo: tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kiangazi, umwagiliaji wa mpunga kule Usangu ukiwa miongoni mwa sababu kuu, na viboko hujazana katika madimbwi yaliyobaki ambamo samaki hupungua kwa idadi na kwa aina. Viboko ni walewale. Kilichobadilika ni mtiririko.

Nchi kavu ina mfano wake katika rasi ya Mweya, Uganda, kati ya Ziwa Edward na mfereji wa Kazinga. Kiboko hawezi kwenda mbali na maji kutafuta malisho, hivyo viboko walipoongezeka waliiacha ardhi uchi na udongo ukaanza kumomonyoka. Walipopunguzwa mwishoni mwa miaka ya 1950, nyasi zilirudi na nyati wakaongezeka. Kwa mifugo pia, idadi peke yake haielezi athari: majaribio ya Mpala, Laikipia nchini Kenya, yaliyoanza mwaka 1995, yameonyesha kwamba ng'ombe na pundamilia hunyang'anyana malisho wakati wa kiangazi, lakini wakati wa mvua ng'ombe hunenepa zaidi wanapolisha pamoja nao.

Nafasi ya kuhama inaweza pia kupotea. Katika tambarare za Loita, Kenya, mashamba ya ngano yalichukua malisho ya masika, na nyumbu wa Mara na Loita wakapungua kutoka takriban 120,000 mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 22,000 hivi miaka ishirini baadaye. Upungufu kama huo ukilifikia kundi kubwa la Serengeti, mbugani utaonekana mapema, kwa nyasi ndefu na moto. Mtoni utachelewa. Mifupa ya miaka iliyopita itaendelea kutoa fosforasi hata wavukaji wakiwa wachache, na vipimo vya maji vya mwaka mmoja au miwili vitaonyesha mto wenye afya. Kwa hiyo ufuatiliaji wa Mara unapaswa kuhesabu wanyama wanaovuka na kukadiria mifupa iliyo chini ya maji, sambamba na kupima maji yenyewe.