Kihavu cha Nkombo: lugha au lahaja?

Msafiri anayepanda mashua Kamembe kuelekea kisiwa cha Nkombo, katika Ziwa Kivu, havuki mpaka wowote: Nkombo ni tarafa ya wilaya ya Rusizi. Hata hivyo, akishuka ufukweni husikia lugha nyingine. Wakazi wa kisiwa hicho huzungumza Kihavu, maarufu nchini Rwanda kwa jina la Amahavu, ambacho pia ni lugha ya kisiwa cha Idjwi, upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Nchini Rwanda, nchi inayosifiwa kwa kuwa na lugha moja ya asili, Kihavu mara nyingi hutajwa pamoja na Kigoyi na Kirera, kana kwamba nacho ni lahaja ya Kinyarwanda. Wanaisimu wana maoni tofauti. Malcolm Guthrie, Mwingereza aliyechapisha uainishaji wa lugha za Kibantu mwaka 1948, aliipa kila lugha herufi ya ukanda na namba ya kundi. Kinyarwanda kilipata D61, kikifuatwa na Kirundi, D62. Kiha cha Kigoma kimo humo humo, D66. Kihavu kiliwekwa katika kundi jingine, D52, jirani na Kishi cha Bukavu, D53.

Tofauti hiyo husikika hata kwa asiye mtaalamu. Mtoto ni "umwana" kwa Kinyarwanda. Kwa Kihavu na Kishi ni "omwana". Tena, pale Kiswahili kinaposema "kusoma", Kinyarwanda husema "gusoma", kwa sababu sauti k hulainika na kuwa g ikiwa silabi inayofuata inaanza na sauti kama s, t au k. Wataalamu huiita Kanuni ya Dahl. "Kubona" hubaki "kubona". Kishi hakina badiliko hilo: husema "okusoma".

Namba za Guthrie, lakini, zisichukuliwe kuwa hati ya ukoo. Zinafanana zaidi na anwani ya nyumba: huonyesha nani anaishi karibu na nani, si lazima nani kazaliwa na nani. Kifuliiru cha bonde la Ruzizi, kwa mfano, alikipa D63, katikati ya jamaa za Kinyarwanda, ilhali watafiti waliomfuata wanakiona ndugu wa Kishi na Kihavu. Wanaisimu wa Tervuren, Ubelgiji, walikwenda mbali zaidi, wakaunda ukanda mpya, J, unaokusanya lugha za Maziwa Makuu, kuanzia Kiganda na Kihaya hadi Kirundi. Kwa hiyo Kinyarwanda na Kihavu ni jamaa kweli, ila hawakulala chumba kimoja.

Swali hili si la vitabuni pekee. Lugha ikiitwa lahaja, huonekana haihitaji kamusi wala mwalimu wake. Anayezungumza Kinyarwanda hudhaniwa amekwisha kuielewa. Mtoto wa Nkombo hukua na Kihavu nyumbani, hukutana na Kinyarwanda na Kiingereza shuleni, na akivuka kwenda sokoni Bukavu hujibiwa kwa Kiswahili, ambacho Guthrie alikiweka mbali kabisa, G42, pwani ya Bahari ya Hindi. Kiswahili kiliongezwa kwa sheria mwaka 2017 kuwa lugha rasmi ya nne ya Rwanda, baada ya Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kihavu hakimo katika orodha hiyo.