Nyumba ya Mawe Chini ya Ngong

Msomaji wa Dagahaley, ikiwa siku moja utapata nafasi ya kwenda Nairobi, usiridhike na majumba marefu ya mjini. Fika mtaa wa Karen ukaitazame nyumba moja ya mawe, yenye paa la vigae, iliyoelekea vilima vya Ngong. Mhandisi wa Kiswidi aliijenga mwaka 1912. Mwaka 1917 ikawa makao ya Karen Blixen, bibi wa Kidenmarki, na mumewe Bror. Shamba lao lilikuwa na ekari 4,500 hivi, na ekari 600 zilipandwa mibuni.

Mibuni haikustawi. Nchi ile i juu mno, yapata futi 6,000 kutoka usawa wa bahari. Deni likazidi hata shamba likauzwa, na mwaka 1931 bibi akarejea kwao. Baada ya uhuru, serikali ya Denmark iliinunua nyumba ikaipa Kenya zawadi. Tangu 1986 ni makumbusho.

Hayo utaelezwa na mwongozaji. Mimi nataka umtafute mtu mwingine humo, naye ni Msomali: Farah Aden. Alimlaki bibi huyo katika bandari ya Aden, alipokuwa njiani kuja Mombasa kuolewa mwezi Januari 1914, akawa msimamizi wake kwa karibu miaka 18. Fedha za nyumba zilikuwa mikononi mwake. Wageni na safari, yeye ndiye aliyevipanga. Bibi alimsifu katika kitabu chake cha 1937, na tena katika kile cha 1960. Lakini angalia: sifa zote hizo zatoka katika kalamu ya mwajiri. Farah alimwonaje bibi yake? Kitabu cha Farah hatuna.

Nao Wakikuyu walioishi shambani walitakiwa kufanya kazi siku 180 kwa mwaka, ndipo waruhusiwe kulima na kuchunga katika ardhi ambayo sheria ya wakoloni ilimpa mgeni. Shamba lilipouzwa walikuwa hatarini kutawanywa. Bibi aliwaombea serikalini mpaka wakapewa mahali pa kukaa pamoja, na kwa hilo astahili shukrani; ila jiulize kwa nini iliwapasa kuombewa.

Uingiapo, usiamini kila kiti. Vyombo vingine ni vya bibi kweli, vingine vililetwa kwa filamu iliyotolewa 1985. Uliza kipi ni kipi. Kisha zunguka nyuma, ukaone jiko.