Kuta zetu zimepimwa, za Kitui na Makueni bado

Mambo ya kale yakitajwa huku kwetu, akili ya mtu huruka mara moja hadi Gedi, Fort Jesus na Lamu. Si ajabu. James Kirkman alianza kuchimba Gedi mwaka 1948, na tangu hapo kuta zetu za matumbawe na chokaa zimepimwa, zikachorwa, zikaandikiwa vitabu. UNESCO iliitambua Lamu mwaka 2001, Fort Jesus 2011 na Gedi 2024. Lakini pembe za ndovu zilizotajirisha bandari ya Mombasa hazikuota Mombasa. Nyingi zilishuka mabegani mwa watu kutoka Ukambani, na huko wachimbaji wamepita kwa nadra mno.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, biashara ya pembe kati ya Mombasa na bara ilikuwa mikononi mwa Wakamba wenyewe. Walileta pembe wakarudi na nguo, ushanga, chumvi na nyaya za shaba. Mkubwa wao aliyejulikana zaidi ni Kivoi wa Kitui. Ndiye aliyempokea Krapf, yule mmishonari wa Rabai, na ni huko Kitui tarehe 3 Desemba 1849 Krapf alipouona Mlima Kenya. Kivoi aliuawa mwaka 1851 msafara wao uliposhambuliwa karibu na mto Tana. Leo Krapf ana makavazi yenye jina lake Rabai. Mji wa Kivoi ulikuwa wa miti na nyasi, na vitu hivyo haviachi magofu ya kupigia picha.

Hapo ndipo wengi hukosea, wakadhani pasipo ukuta hapana historia. Mwanaakiolojia hutembea shambani macho chini akitafuta vigae vya vyungu, ushanga, majivu ya meko na mavi ya chuma. Haya ya mwisho yana uzito wake Kitui, kwani wenyeji husema jina lenyewe linatokana na ufuaji chuma, na mikufu na mishale ya Wakamba ilisifika mbali. Kipande cha mkaa kilichobaki penye tanuri kinaweza kupimwa maabara kikatoa umri. Robert Soper, aliyetambulisha vyungu vya kale vya Kwale miaka ya 1960, alichapisha pia mwaka 1976 utafiti wake wa vilima vya Chyulu, mpakani mwa Makueni. Njia ilifunguliwa. Waliomfuata ni wachache.

Makueni ina utajiri wa namna nyingine. Misheni ya Waskoti ilifunguliwa Kibwezi mwaka 1891, ikahamia Kikuyu 1898. Mahali palipokaliwa miaka 7 tu ni johari kwa mtafiti: chupa, kigae au msumari wa misheni ukipatikana hapo, tarehe yake inajulikana karibu kamili, na huweza kutumika kukisia umri wa vitu kama hivyo kwingineko. Kisha ikaja reli, iliyoanza Mombasa 1896 na kufika Nairobi 1899, ikiacha stesheni, madaraja na nyumba za wafanyakazi. Hekalu la Masingasinga la Makindu, la mwaka 1926, ni mtoto wa reli hiyo, na hadi leo msafiri yeyote hulishwa pale bila kuulizwa dini yake. Jengo lililo hai hivyo huchunguzwa bila sululu: unapima kuta, unatazama kiungo cha tofali jipya na la zamani, unawauliza wazee.

Uingereza kila kaunti ina daftari la majengo na maeneo ya kale, na tangu 1990 anayetaka kujenga huweza kudaiwa agharimie uchunguzi wa ardhi kwanza. Sisi hatukosi sheria. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale aarifu Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7. Katiba ya 2010 imeiachia serikali kuu makumbusho yenye umuhimu wa kitaifa, na makavazi ya mashinani ikazipa kaunti. Sasa kambi ya msafara chini ya mbuyu, au tanuri la mhunzi lililobaki rundo la mavi ya chuma, nani atalisajili? Kwa maoni yangu ni kazi ya kaunti, na daftari lake lianze kabla ya tingatinga kufika. Reli ya SGR imekwisha kukata Makueni. Bwawa la Thwake linajengwa pale mto Thwake unapokutana na Athi, na maji yakishajaa hakuna atakayetembea chini yake akiokota vigae.

Na sisi wa Pwani tusijitie ugeni. Misafara ile ilikuwa na ncha mbili, na ya pili ilikuwa kwetu. Aliye na barua, picha au hati ya deni ya biashara ya Ukambani ndani ya sanduku la marehemu babu, asiitupe wala kuiuza kwa watalii. Aipeleke Makavazi, pale Fort Jesus, inakiliwe, kisha arudi nayo nyumbani.