Neno la Siri na Kazi za Wanafunzi: Historia Fupi ya Kufuli la Chuo Kikuu

1. Utangulizi

Watu wengi hudhani kwamba neno la siri la kompyuta ni zao la majeshi au mabenki. Historia yaonyesha kwamba chuo kikuu kilikuwa na sehemu kubwa katika kuzaliwa kwake. Lilihitajiwa na watafiti na wanafunzi waliofahamiana, waliotumia mashine moja, na ambao kila mmoja wao alitaka mafaili yake yasichanganyike na ya mwenziwe. Wahenga wamenena kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata. Makala haya yanaifuata safari ya kufuli hilo, tangu mashine kubwa za miaka ya 1960 hadi folda ya kazi za wanafunzi katika seva ya wavuti, na yanakusudia kudhihirisha jambo moja: mara nyingi ulinzi ulipoanguka, mlango haukuvunjwa, bali orodha ya funguo iliachwa mahali pasipofaa.

2. Cambridge ya Massachusetts

Mwezi wa Novemba 1961, Fernando Corbató na wenzake wa chuo cha MIT, mjini Cambridge, Marekani, walionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Kabla yake, mtafiti alikabidhi kadi zake zenye matundu kwa watumishi wa mashine, kisha akangoja matokeo kwa saa nyingi. CTSS iliwawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa na mafaili yake na muda wake uliopimwa. Ili mashine imtambue mwenye mali, kila mtumiaji alipewa neno la siri.

Haukupita muda mrefu kufuli hilo lilifunguliwa na mtu wa nyumbani. Mwaka 1962, Allan Scherr, mwanafunzi wa udaktari aliyetengewa saa nne tu kwa juma, aliona kuwa muda huo haukutosha kwa utafiti wake. Mashine iliruhusu watumiaji kuomba mafaili yachapishwe kwa njia ya kadi. Scherr aliandika katika kadi jina la faili lililohifadhi maneno ya siri ya watu wote, akaikabidhi Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi akaichukua orodha nzima. Habari hiyo aliisimulia katika kijitabu cha mwaka 2011 kilichoadhimisha miaka 50 ya CTSS.

Katikati ya miaka hiyo ya 1960 lilitokea tukio la pili, ambalo halikuwa na mwizi hata mmoja. Msimamizi mmoja alikuwa akirekebisha faili la maneno ya siri, na mwingine akiandika salamu za siku kwa watumiaji. Programu ya kuhariri ilitumia jina lile lile kwa mafaili yao ya muda, nayo yakabadilishana nafasi. Kila aliyeingia katika mfumo aliandikiwa, mahali pa salamu, maneno ya siri ya wenzake wote.

3. Cambridge ya Uingereza na mfumo wa Unix

Dawa ya maradhi hayo ilipatikana katika Cambridge nyingine, ile ya Uingereza. Katika miaka hiyo hiyo, Roger Needham alibuni kwa ajili ya mashine iliyoitwa Titan njia ya kuligeuza neno la siri kuwa alama zisizoweza kurudishwa katika neno la awali. Mashine ilihifadhi alama hizo tu. Mtumiaji alipoandika neno lake, liligeuzwa upya na matokeo yakalinganishwa. Hivyo hata aliyeiba orodha hakupata maneno yenyewe. Kata ilichota maji bila kuijua siri ya mtungi.

Mwaka 1979, Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs walichapisha makala kuhusu namna fikra hiyo ilivyotekelezwa katika mfumo wa Unix. Waliongeza kile walichokiita chumvi: alama za bahati nasibu zinazochanganywa na neno kabla ya kugeuzwa, ili watu wawili wenye neno moja wasipate matokeo yanayofanana. Hata hivyo uchunguzi wao ulifichua udhaifu wa mwanadamu mwenyewe. Kati ya maneno 3,289 waliyoyakusanya, 2,831, yaani asilimia 86, yalikuwa mafupi mno, au ya herufi ndogo tupu, au yaliyomo katika kamusi na orodha za majina.

4. Folda katika seva ya wavuti

Tarehe 30 Aprili 1993, kituo cha CERN kiliiweka teknolojia ya wavuti mikononi mwa umma. Mwaka huo huo Rob McCool, wa kituo cha NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois, aliandika programu ya seva iliyoenea upesi vyuoni, na mrithi wake, Apache, akazaliwa mwaka 1995. Katika seva hizo, mwalimu aliweza kuweka ndani ya folda faili dogo liitwalo .htaccess, lenye amri kwamba asiingie mtu asiyekuwa na jina na neno la siri. Amri hiyo ilizilinda pia folda zote zilizomo ndani yake.

Haja ilikuwa dhahiri. Wavuti husomwa na ulimwengu mzima, ilhali insha ya mwanafunzi ni fikra ambayo haijaiva. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1974 ilikuwa imekwisha kuvizuia vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kutoa ovyo kumbukumbu za masomo bila idhini.

Lakini makosa ya zamani yalirudi yakiwa na vazi jipya. Njia ya msingi ya utambulisho, iliyoelezwa katika waraka wa HTTP wa Mei 1996, ililisafirisha neno la siri likiwa limevikwa herufi nyingine tu, na yeyote aliyeunasa ujumbe njiani aliweza kulivua. Waraka wenyewe ulikiri kwamba njia hiyo si salama. Ndiyo maana leo hutakiwa kutumiwa pamoja na HTTPS, ambayo hufumba mazungumzo yote. Aidha, mwalimu asiye mwangalifu aliweza kuweka faili la maneno ya siri ndani ya sehemu inayosomwa na umma, kama faili lile la CTSS lililochapishwa kwa kadi moja.

5. Hitimisho

Historia hii ina somo kwa mwanaisimu pia. Istilahi ya Kiswahili neno la siri ina sehemu mbili, na kila moja inadai uangalifu. Likigawiwa darasa zima, si siri tena. Na uchunguzi wa 1979 waonyesha kwamba likipatikana katika kamusi, halifai, hivyo lililo bora kabisa si neno. Pengine istilahi nywila, isiyotaja neno wala siri, inampotosha mtumiaji kwa kiasi kidogo zaidi, ingawa haimfundishi kitu.

Kwa upande wa mwalimu, wajibu wake ni bayana: ampe kila mwanafunzi ufunguo wake, aiweke orodha nje ya folda ya umma, na asiihifadhi katika hali ya kusomeka. Mwanafunzi anayejua kwamba makosa yake yatasomwa na mwalimu wake peke yake ndiye anayethubutu kuandika anachokifikiri.