Gridi Nyumbufu ya Safuwima

Gridi nyumbufu ya safuwima ni mfumo wa kupanga ukurasa wa tovuti ambamo upana wote hugawanywa katika safuwima zilizo sawa, kwa kawaida 12, kisha kila sehemu ya ukurasa ikapewa idadi yake ya safuwima kulingana na upana wa skrini inayotumika. Neno safu peke yake halitoshi, maana husemwa pia kwa vitu vilivyopangwa kwa mlalo, kama milima na askari waliosimama bega kwa bega, na ndiyo sababu huongezwa wima ili kuitofautisha na safumlalo. Nyumbufu, kutokana na kunyumbuka, inafaa kuliko itikivu, linalotokana na kuitikia, kwani ukurasa hubadili umbo bila kupoteza kilichomo.

Ethan Marcotte wa Marekani aliueleza msingi wa usanifu huu wa kurasa zinazonyumbuka mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikatolewa Bootstrap, zana iliyobuniwa ndani ya kampuni ya Twitter, ikaueneza. Idadi ya 12 ilipendelewa kwa kuwa hugawanyika kwa 2, 3, 4 na 6 bila baki.

Tuseme ukurasa wa tovuti ya halmashauri, iwe ya Tarime au ya Serengeti, umezipa habari safuwima 8 na matangazo safuwima 4. Kwenye kompyuta ya ofisini, matangazo hukaa upande wa kulia, yakionekana mara moja. Lakini skrini ikiwa na upana usiofika pikseli 768, kila sehemu hupewa safuwima zote 12, na kivinjari huzishusha moja chini ya nyingine kwa kufuata mfuatano wa msimbo, wala si uzito wa jambo. Hapo kijana anayetafuta tangazo la ajira kwa simu hulazimika kwanza kuzipita picha zote za ziara na vikao, huku kifurushi chake cha intaneti kikiisha.

Kasoro hiyo huondoka matangazo yakitangulia katika msimbo, kisha yakahamishiwa kulia kwenye skrini pana kwa amri ya mpangilio; na asiyeona, anayesomewa ukurasa na programu ya sauti, naye huyasikia mwanzoni. Kwa hiyo msanifu wa tovuti ya umma hana budi kuupanga ukurasa kwa upana wa simu kwanza, ndipo aupanue kwa ajili ya kompyuta.